Fuwele Zilizopigwa Picha Kabla ya Kupasuka: Uchambuzi wa Kisa cha Henry Chapman na Leza ya Eksirei

Mwezi Desemba 2009, katika maabara ya SLAC iliyoko Menlo Park, California, kundi la wanasayansi kutoka Ujerumani, Marekani na Sweden lilipewa zamu ya kutumia mashine ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu iwake. Mashine hiyo, iitwayo LCLS, ilikuwa leza ya kwanza duniani iliyoweza kutoa eksirei ngumu, yaani zile ambazo urefu wa wimbi lake unakaribia ukubwa wa atomu. Mbele ya kundi hilo alikuwa mwanafizikia Henry Chapman. Walichokuja nacho kilikuwa maji ya kijani yaliyojaa vifuwele vya protini visivyoonekana kwa jicho, na kila mmoja wao alijua mapema kwamba kifuwele kitakachopatwa na mwale wa leza hakitabaki.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu ya jambo moja linalopita haraka katika masimulizi ya kawaida. Kwa takriban miaka kumi, ahadi iliyokuwa imevuta fedha na vijana wenye vipaji kwenye leza hizi ilikuwa kwamba siku moja fuwele hazitahitajika tena: molekuli moja, ikielea peke yake, itapigwa picha na kuonekana atomu kwa atomu. Chapman mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba ahadi hiyo. Hata hivyo, mashine ilipopatikana, kazi iliyoleta matokeo makubwa ilikuwa ya fuwele. Je, huko kulikuwa kurudi nyuma? Maoni yangu ni kwamba hapana, lakini sababu zake hazikuwa zote wazi hata kwa waliofanya uamuzi huo, na moja iliyo muhimu zaidi ilieleweka baadaye.

Tatizo lenyewe

Tangu William Bragg na mwanawe Lawrence waoneshe, katika miaka ya 1912 na 1913, jinsi eksirei zinazotawanywa na fuwele zinavyoweza kufichua mahali atomu zilipo, fuwele imekuwa mlango wa lazima kwa yeyote anayetaka kujua umbo la molekuli kubwa. Molekuli moja hutawanya fotoni, yaani chembe za nuru, chache mno, na hizo chache hupotea katika makelele ya vyombo. Fuwele huzipanga molekuli nyingi zikitazama upande mmoja, hivyo mawimbi yanayotoka kwa kila moja hujumlishana katika pande chache maalumu na kuacha madoa makali yanayopimika. Kwa maneno mengine, fuwele ni kipaza sauti.

Kipaza sauti hicho kina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba protini nyingi, hasa zile zinazokaa ndani ya utando wa seli, hugoma kujipanga na kutoa fuwele kubwa na safi. Petra Fromme na wenzake, wakati huo wakiwa Berlin, walifanya kazi kwa zaidi ya muongo mmoja kabla ya kuchapisha, mwaka 2001, umbo kamili la fotosistemu ya kwanza, ile protini kubwa inayopokea nuru ya jua na kusukuma elektroni katika usanisinuru. Ya pili ni kwamba eksirei huharibu kile kinachotazamwa. Mtu mzima akipokea grei tano (grei ni kizio cha kupimia mionzi iliyofyonzwa) mwili mzima bila matibabu, uwezekano mkubwa ni kwamba atakufa. Fuwele ya protini iliyogandishwa kwa ubaridi mkali huvumilia takriban grei milioni 30 kabla umbo lake halijapotea. Kadiri fuwele inavyokuwa ndogo ndivyo inavyohitaji mionzi mikali zaidi ili itoe madoa yanayoonekana, na ndivyo inavyokufa upesi zaidi. Kwa hiyo fuwele ndogo ilihesabiwa kuwa si kitu: hatua ya njiani kuelekea fuwele kubwa, au ishara kwamba jaribio limeshindikana.

Mwaka 2000, Richard Neutze, Janos Hajdu na wenzao huko Uppsala, Sweden, walichapisha hesabu iliyogeuza mjadala huo. Walisema kwamba uharibifu unachukua muda, ingawa ni muda mfupi mno. Molekuli ikipigwa na mpigo mkali wa eksirei hupokonywa elektroni zake, atomu zinabaki na chaji chanya zinazosukumana, na kitu chote kinalipuka. Lakini viini vya atomu ni vizito na haviondoki mahali pake papo hapo. Mpigo ukiwa mfupi kiasi cha femtosekunde chache, taarifa ya umbo itakuwa imeshaondoka na fotoni zilizotawanyika kabla mlipuko haujaanza kulivuruga. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni moja na kisha mara bilioni moja. Nuru yenyewe, inayosafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, husogea mikromita 0.3 tu katika muda huo. Hesabu hiyo iligusa pia uwezekano wa kutumia virusi na fuwele ndogo, lakini kilichokaa vichwani mwa watu kilikuwa molekuli moja.

Wakati huo hapakuwa na mashine yoyote ya kuthibitisha hayo.

Njia ya Chapman

Chapman alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1992 ilihusu namna ya kukusanya eksirei kwa vioo vilivyoiga jicho la kambakoche, ambalo, tofauti na letu, hukusanya nuru kwa kuakisi kwenye vijimraba vingi badala ya kuipinda kwa lenzi. Kutoka hapo alikwenda Stony Brook, jimbo la New York, ambako kundi la Janos Kirz lilikuwa likijenga hadubini za eksirei, na huko alijishughulisha na tatizo ambalo halikumwachia tena: tatizo la fezi.

Neno fezi mafundi umeme wetu wanalijua vizuri, na maana yake hapa haiko mbali sana na ile wanayoijua. Wimbi lina ukubwa, na lina mahali lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake. Kitambuzi cha eksirei hupima ukubwa tu. Hiyo fezi hupotea. Bila fezi, ruwaza ya mtawanyiko ni kama barua ambayo herufi zote zipo lakini mpangilio wake umechanganywa. Mwaka 1999 kundi la Stony Brook, ambalo Chapman alikuwa ameshaliacha, lilionesha kwamba inawezekana kurudisha fezi kwa hesabu ya kompyuta pekee, bila lenzi na bila fuwele, mradi kitu kinachotazamwa kimezungukwa na uwazi na ruwaza yake imepimwa kwa ukaribu wa kutosha.

Tangu mwaka 1996 yeye alikuwa katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, akishughulika kwa sehemu kubwa na teknolojia ya kuchora chipu za kompyuta kwa nuru yenye wimbi fupi sana. Wengi wanaosimulia kazi yake huiruka miaka hiyo kana kwamba ilikuwa ya kutafuta riziki tu, na mimi naona ni kosa. Kazi hiyo ilihitaji vioo vilivyotengenezwa kwa tabaka nyingi nyembamba mno, kila tabaka likiwa la nanomita chache, na vipimo vya usahihi ambao maabara nyingi za kibiolojia hazikuwahi kuuota. Ilimweka pia karibu na watu kama Saša Bajt, fundi mkubwa wa vioo hivyo, na Anton Barty, waliokuja kuwa nguzo za majaribio yaliyofuata. Kutokana na mazingira hayohayo, mwaka 2003, Stefano Marchesini, Chapman na wenzao walitoa mbinu ya hesabu inayokisia umbo la nje la kitu huku ikirudisha fezi, ikilibana kisio hilo hatua kwa hatua kama nguo inayokauka mwilini.

Jaribio la kwanza la kweli la wazo la Uppsala lilifanyika Hamburg, Ujerumani, kwenye leza ya maabara ya DESY ambayo sasa inaitwa FLASH, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Leza hiyo ilitoa eksirei laini tu, zenye wimbi la nanomita 32, mbali sana na ukubwa wa atomu. Kitu kilichopigwa picha kilikuwa utando mwembamba uliotobolewa mchoro wa vijitu viwili vya mistari vikiwa chini ya jua, mchoro wenye upana wa mikromita tatu. Mpigo mmoja wa femtosekunde 25 ulipita. Kioo cha Bajt, chenye tundu katikati la kupitisha mwale mkali, kikaakisi mtawanyiko kuelekea kwenye kitambuzi. Hesabu ya fezi ikarudisha vijitu vile vikiwa vizima. Mpigo uliofuata, ulioelekezwa mahali palepale, haukuonesha vijitu wala jua, bali tundu lililoachwa na utando ulioteketea. Picha ilikuwa imetangulia maangamizi.

Mwaka uliofuata kundi hilo lilitoa jaribio ambalo mimi nalipenda zaidi, ingawa halitajwi sana. Lilitumia wazo la kale la Newton kuhusu kioo chenye vumbi: mpigo unapita kwenye kijiduara cha plastiki, unagonga kioo kilicho nyuma yake, kisha unarudi na kukiona kijiduara hichohicho baada ya muda unaopimwa kwa umbali wa kioo. Kwa njia hiyo waliweza kuutazama mlipuko ukiendelea. Katika mwaka huohuo, 2007, Chapman alihamia Hamburg kuongoza kitengo katika kituo kipya cha sayansi ya leza za elektroni huru, CFEL, chini ya DESY, akiwa pia profesa wa Chuo Kikuu cha Hamburg.

Uamuzi wa kuweka fuwele mbele

LCLS ilitoa nuru yake ya kwanza ya leza mwezi Aprili 2009. Inatumia kilomita moja ya mwisho ya kichapuzi cha elektroni cha SLAC, kilichojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya fizikia ya chembe. Elektroni zilizosukumwa karibu na kasi ya nuru hupitishwa katikati ya safu ndefu ya sumaku zinazozifanya zipepesuke kushoto na kulia, na kupepesuka huko ndiko kunakotoa eksirei, zikikusanyika hatimaye katika mipigo yenye fotoni zinazokaribia bilioni elfu moja kila mmoja.

Hata hivyo, chumba cha kwanza cha majaribio kilichofunguliwa hakikuwa cha eksirei ngumu. Kilifikia nishati ya kiloelektronivolti mbili tu, ambayo ni wimbi lisilopungua nanomita 0.6. Atomu katika protini zimeachana kwa takriban nanomita 0.15. Kwa hiyo, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, atomu mojamoja zisingeonekana mwaka 2009, na yeyote aliyetaka kuipiga picha molekuli moja ya protini angekuwa akikusanya fotoni chache sana ili aone doa lisilo na maana.

Hapo ndipo mchango wa Arizona ulipoingia. John Spence, naye pia mwanafunzi wa zamani wa Melbourne, pamoja na Uwe Weierstall na Bruce Doak katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, walikuwa wametengeneza njia ya kurusha mchirizi wa maji ndani ya ombwe, mwembamba wa mikromita chache, ukibanwa na gesi inayouzunguka ili usiganze na usizibe mdomo wa bomba. Petra Fromme alikuwa amehamia chuoni hapohapo, na alikuwa na fotosistemu ya kwanza kwa wingi, iliyotolewa kwenye bakteria wa kijani-bluu wa chemchemi za moto. Wengine walihangaika kukuza fuwele ziwe kubwa. Yeye sasa aliombwa azizuie zisikue. Vitambuzi na chumba cha ombwe vilitoka kwa kundi la taasisi za Max Planck za Ujerumani.

Sitaki kuukuza uamuzi huu kupita kiasi. Chapman na wenzake hawakuiacha molekuli moja. Hajdu na kundi la Uppsala, kwa kutumia leza hiyohiyo na vyombo vilevile, walirusha kwenye mwale virusi vikubwa viitwavyo mimivirus, kimoja kimoja, bila fuwele yoyote. Makala mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, Februari 2011. Kwa mchambuzi hii ni bahati adimu: njia mbili, mashine moja, msimu mmoja. Njia ya virusi ilitoa picha ya kivuli cha kirusi yenye uwezo wa kupambanua nanomita 32 (namba ikiwa ndogo, picha ni wazi zaidi). Njia ya fuwele ilitoa ramani ya protini, ya pande tatu, yenye nanomita 0.85.

Yaliyotokea kwenye mchirizi

Leza ilipiga mara 30 kwa sekunde, kwa wimbi la nanomita 0.69. Mchirizi ulitiririka bila kusimama. Hakuna aliyejua kifuwele kipi kingekutana na mpigo upi, wala kitakuwa kimegeukia upande gani. Mara nyingi mpigo ulipita kwenye maji matupu. Katika sinkrotroni, mashine ya kawaida ya kutoa eksirei kali, mtafiti huishika fuwele moja na kuizungusha taratibu mbele ya mwale. Hapa kila fuwele ilitoa picha moja tu ya upande mmoja na kutoweka, na hesabu ya kompyuta ndiyo iliyobeba kazi ya kuzungusha.

Zilikusanywa ruwaza zaidi ya 3,000,000. Kati ya hizo, chache zilikuwa na madoa ya fuwele, na kati ya hizo chache, zaidi ya 15,000 ndizo zilizoweza kutambuliwa mwelekeo na kuunganishwa kuwa seti moja. Vifuwele vyenyewe vilikuwa na ukubwa kati ya nanomita 200 na mikromita mbili. Vile vidogo zaidi havikuwa hata na molekuli kumi kwa kila upande, na kati ya doa na doa katika ruwaza zao vilionekana vipindi vyembamba vya mwanga na giza ambavyo mtu angeweza kuvihesabu ili ajue ni safu ngapi za molekuli zimo ndani ya kifuwele. Katika fuwele za kawaida, zenye safu maelfu kwa maelfu, jambo hilo halionekani kabisa.

Kipimo cha mionzi kilichopokelewa na kila kifuwele kilifikia grei milioni 700, zaidi ya mara ishirini ya kile kikomo cha fuwele zilizogandishwa, na hapa hapakuwa na kugandisha. Ramani iliyopatikana ililingana na ile ya 2001. Makala hiyo ilikuwa na waandishi zaidi ya 80, na orodha hiyo ndefu inasema kitu kuhusu taaluma hii: mwanafizikia anayeiongoza hutumia muda mwingi kushawishi, kupanga zamu za usiku na kuunganisha watu wa mabomba, wa biolojia, wa vitambuzi na wa programu.

Kwa nini fuwele zilisaidia kuliko ilivyotarajiwa

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mpigo lazima uwe mfupi kuliko muda wa uharibifu wenyewe, na mipigo ya femtosekunde 70 au zaidi ilitiliwa shaka. Mwaka 2012 Barty, Chapman na wenzao walieleza kwa nini mipigo hiyo mirefu kidogo ilikuwa imefanya kazi. Fuwele inapoanza kuvurugika, mpangilio wake unavunjika, na mpangilio ukivunjika madoa makali huzimika. Fotoni zinazofika katika sehemu ya mwisho ya mpigo hukuta vurugu, nazo hutawanyika pande zote kama ukungu hafifu ambao ni rahisi kuuondoa katika hesabu. Hivyo madoa yanayopimwa yanatoka kwenye sehemu ya mwanzo ya mpigo pekee, wakati molekuli zilikuwa bado nzima. Fuwele yenyewe inafunga mlango wa kamera.

Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa kiini cha kisa chote. Molekuli moja haina mlango wa namna hiyo: kila fotoni inayotawanywa, iwe ya mwanzo au ya mwisho wa mpigo, huingia kwenye picha ileile, na picha ya molekuli nzima huchanganyika na picha ya molekuli inayolipuka. Chapman na wenzake walichukua fuwele kwa sababu ya nguvu ya madoa yake, wakapata pamoja nayo kinga ambayo hawakuwa wameihesabu. Bahati hiyo, kwa haki, iliwaangukia watu waliokuwa wamejiandaa kuitambua, maana jaribio la 2009 lilifanywa makusudi kwa mipigo ya urefu tofauti, wa femtosekunde 10, 70 na 200, ili ilinganishwe.

Dosari zinazopaswa kusemwa

Wakosoaji wa matokeo ya 2011 walikuwa na hoja nzuri. Umbo la fotosistemu ya kwanza lilikuwa limeshajulikana, na fezi zilikopwa kutoka kwenye umbo hilo. Mtu anaweza kusema kwamba mashine iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola ilikuwa imethibitisha kwa ukungu kile ambacho Fromme alikiona kwa uwazi miaka kumi kabla. Jibu la sehemu lilikuja mwaka 2012, chumba cha eksirei ngumu kilipokuwa kimefunguliwa, ambapo lisozaimu, protini inayopatikana kwenye ute wa yai, ilionekana kwa nanomita 0.19.

Ubadhirifu ulikuwa hoja nzito zaidi. Mchirizi hauachi kutiririka kati ya mpigo na mpigo, kwa hiyo sehemu kubwa mno ya protini iliyotayarishwa kwa miezi ilimwagika bila kuonwa na fotoni hata moja. Kwa protini zinazopatikana kwa kijiko hilo linavumilika. Kwa zile zinazopatikana kwa punje, halivumiliki. Baadaye Weierstall na wenzake walitengeneza michirizi mizito kama grisi, inayotoka polepole, na wengine wakaanza kupanga vifuwele kwenye vibao na kuvisogeza mbele ya mwale.

Halafu kuna pigo lililotoka upande ambao wachache waliutazamia. Kutangulia si kufika. Kuanzia takriban mwaka 2013, hadubini za elektroni zinazotumia sampuli zilizogandishwa ziliruka hatua kubwa kutokana na vitambuzi vipya, zikaanza kutoa maumbo ya molekuli bila fuwele kwa uwazi wa karibu kufikia atomu, na mwaka 2017 Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Ahadi ya asili ya leza za eksirei, molekuli bila fuwele, ilitimizwa na chombo kinachoenea katika chumba kimoja. Kama kundi la Chapman lingeng'ang'ania ahadi hiyo peke yake, sidhani kwamba leza hizi zingekuwa na cha kujitetea.

Kimeng'enya cha vijidudu vya malale

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukijua kisa hiki, maana umbo la kwanza lililokuwa jipya kweli kutoka kwenye leza hizi lilihusu malale. Vimelea vyake, Trypanosoma brucei, huenezwa na mbung'o. Aina ya mashariki huwashika watu na huenda haraka katika nchi kama Tanzania, Uganda na Malawi, na aina ya magharibi, iliyo ya polepole, imewaumiza zaidi watu wa Kongo, huku Uganda ikiwa na zote mbili. Kwa miongo mingi, ugonjwa ulipofika kwenye ubongo tiba ilikuwa dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa.

Kundi la Christian Betzel na Lars Redecke wa Ujerumani, pamoja na Michael Duszenko wa Tübingen, lilikuwa limegundua kwamba kimeng'enya kimoja cha vimelea hivyo, kathepsini B, kikizalishwa kwa wingi ndani ya seli za mdudu, hujikusanya na kuwa fuwele ndani ya seli zenyewe: visindano vyenye upana usiozidi mikromita moja na urefu wa takriban mikromita kumi. Kwa sinkrotroni ya wakati huo visingefaa. Vilirushwa mbele ya LCLS, ruwaza zaidi ya 178,000 zikaunganishwa, na umbo la nanomita 0.21 likachapishwa katika jarida la Science, mwishoni mwa 2012 mtandaoni na Januari 2013 kwenye karatasi. Kimeng'enya kilionekana kikiwa bado na kipande chake cha asili kinachoziba mahali pa kufanyia kazi, kama kizibo cha chupa, pamoja na sukari zilizoshikamana nacho, na vyote vikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa mtu anayetaka kubuni dawa, kizibo ambacho vimelea vyenyewe vimekitengeneza ni kielelezo cha thamani, kwa sababu kinaonesha mahali ambapo kimeng'enya cha vimelea kinatofautiana na kile cha binadamu.

Lazima niseme kwamba dawa ya vidonge iliyobadilisha tiba ya malale katika miaka ya karibuni, feksinidazoli, haikutokana na umbo hili. Ilifufuliwa kutoka miongoni mwa misombo ya zamani iliyokuwa imesahaulika. Visa vya malale vilivyoripotiwa vimeshuka chini ya 1,000 kwa mwaka tangu 2018 kwa sababu ya upimaji wa vijijini, udhibiti wa mbung'o na dawa, si kwa sababu ya femtosekunde. Anayeandika kwamba leza ya eksirei iliponya malale anaandika asichokijua.

Fuwele mbovu

Thamani ambayo leza hizi zimebaki nayo, hata baada ya hadubini za elektroni, ni wakati. Kwa kuwa mpigo ni mfupi kuliko mienendo mingi ya atomu, kifuwele kinaweza kuamshwa kwa mmweko wa nuru au kwa kuchanganywa na dawa, kisha kikapigwa picha baada ya muda uliochaguliwa. Kwa sababu ni kidogo, dawa hupenya na kukienea upesi. Katika fuwele kubwa ingechukua muda mrefu kuliko kitendo chenyewe. Kwa njia hiyo kimeng'enya kinachowapa vijidudu vya kifua kikuu uwezo wa kuvunja antibiotiki kimetazamwa kikiwa kazini na dawa ya seftriaksoni mdomoni. Udogo, uliokuwa kasoro mwaka 2000, ndio ulioyawezesha majaribio hayo.

Chapman alipewa Tuzo ya Leibniz ya Ujerumani mwaka 2015, na mwaka 2021 yeye, Hajdu na Spence walishirikiana Tuzo ya Gregori Aminoff ya Sweden. Spence alifariki mwaka huohuo. Kati ya tuzo hizo mbili ilitoka kazi ambayo, kwa mtazamo wangu, inamweleza Chapman kuliko medali. Mwaka 2016, Kartik Ayyer, Chapman na wenzao walichukua fuwele za fotosistemu ya pili, protini nyingine ya usanisinuru, zilizokuwa na kasoro: molekuli zake zilikuwa zimeyumba kidogo kutoka mahali pake, hivyo madoa makali yalififia mapema yakielekea ukingoni mwa kitambuzi. Kwa mazoea ya miaka mia moja, fuwele ya aina hiyo hutupwa. Wao walitazama kile kilichokuwa nje ya madoa, wakakuta mtawanyiko hafifu, usiokatika, unaoenea mbali kuliko madoa yenyewe. Molekuli zikiyumba kila moja kivyake, hazijumlishani tena kama fuwele; kila moja hutawanya kana kwamba iko peke yake, isipokuwa kwamba zote bado zimegeukia upande mmoja. Ule mtawanyiko ulikuwa wa molekuli moja, uliokuzwa na wingi wa molekuli zilizomo ndani ya fuwele mbovu, na fezi zake zingeweza kurudishwa moja kwa moja kwa mbinu za hesabu za ukoo uleule uliorudisha vijitu viwili vya Hamburg.